Kitasa cha Motokaa na Mafundi wa Bondo

Msafiri atokaye Kisumu kwenda Bondo huifuata barabara kuu ya Busia mpaka Kisian, kisha huiacha na kushika njia ya kushoto, ielekeayo Ndori, Bondo na mwisho Usenge, penye ufuko wa Ziwa Victoria. Watu wengi huijua njia hiyo kwa kuwa ndiyo iendayo nyumbani kwa marehemu Jaramogi Oginga Odinga, na wachuuzi huijua kwa kuwa ndiyo njia ya samaki. Katika insha hii, msomaji, nakuomba uitazame kwa sababu nyingine, ambayo waandishi wa historia hawana desturi ya kuitaja. Nataka tufuate habari za kitasa cha motokaa, yaani kile kitundu kidogo ambamo dereva hutia ufunguo wake kabla ya kuwasha injini. Kadhalika tufuate habari za mafundi ambao hukitoa kitasa hicho kikisha kuchakaa, wakatia kingine, na kuurudisha usukani mahali pake.

Labda utauliza kama kitu kidogo namna hiyo kina historia. Basi fikiri kwanza juu ya pikapu kuukuu iliyosimama Usenge alfajiri, imejaa sangara na barafu. Dereva atia ufunguo, na ufunguo haugeuki. Jua lachomoza, barafu yaanza kuyeyuka, na mwenye samaki ahesabu hasara yake kwa kila dakika ipitayo. Injini ni nzima, betri ina nguvu, magurudumu yana pumzi; lakini kipande cha madini kisichozidi ukubwa wa kidole kimekataa, na gari zima limekuwa kama jiwe. Ni nani aliyekipa kipande hicho mamlaka makubwa hivyo?

Hapo mwanzo hapakuwa na ufunguo. Reli ilipofika Kisumu tarehe 20 Disemba 1901, wakati mji huo ulipoitwa Port Florence, motokaa zilikuwa bado ni kioja hata huko Ulaya. Zile chache zilizokuwako ziliamshwa kwa nguvu za mkono. Dereva alisimama mbele ya gari, akachomeka chuma kilichopindwa, ambacho sisi twakiita hendeli, akauzungusha mhimili wa injini mpaka iwake. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari. Injini ikiwaka kabla ya wakati wake iliweza kuirudisha hendeli nyuma kwa kishindo na kumvunja mtu mkono. Ndiyo sababu madereva walifundishwa kukilaza kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, wala wasiikumbatie hendeli kama mtu ashikavyo mpini wa jembe. Kanuni hiyo ilidumu miaka mingi, maana malori na Land Rover ziliendelea kuchukua hendeli muda mrefu baada ya njia nyepesi kupatikana.

Njia nyepesi ilipatikana Marekani. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ilitoa magari yenye mota ya umeme ya kuizungusha injini, iliyobuniwa na mhandisi aliyeitwa Charles Kettering. Mota hiyo ndiyo mafundi wetu waiitayo stata. Sasa angalia jinsi mambo yalivyogeuka. Maadamu hendeli ilihitaji nguvu na mazoea, si kila mpita njia aliyeweza kuondoka na gari la mwenziwe. Stata ilimwondolea mwenye gari taabu, lakini ilimwondolea mwivi taabu ile ile.

Ufunguo ulikuwako katika magari mengi ya miaka hiyo, ila kazi yake ilikuwa ndogo. Ulifungua njia ya umeme uendao kwenye plagi, basi. Injini yenyewe iliamshwa kwa kubonyeza kitufe kwa kidole au kwa kukikanyaga kwa mguu. Funguo za Ford Model T, gari lililoenea duniani kuliko yote ya zama zake, zilikuwa za namna chache tu, na mtu mwenye shada la funguo asingekosa kupata mmoja ulioingia. Magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 yaliandikwa nambari ya ufunguo juu ya uso wa kitasa, ili mwenye gari akipoteza ufunguo aweze kuagiza mwingine dukani. Huo ulikuwa wema mkubwa kwa mwenye gari, na kwa yeyote mwingine aliyejua kusoma nambari! Nadhani watengenezaji wa siku zile waliwaamini wanadamu kuliko sisi tunavyowaamini leo.

Mwaka 1949 kampuni ya Chrysler iliunganisha kazi hizo mbili. Ufunguo ukizungushwa kidogo ulifungua umeme. Ukizungushwa mpaka mwisho uliamsha stata. Na ukiachwa ulirudi wenyewe nyuma kwa nguvu ya springi. Mtindo huo ukaenea pole pole. Land Rover, ambazo zilianza kutengenezwa mwaka 1948 na ambazo maofisa, wamisionari na polisi walizipeleka mpaka vijiji vya mbali vya Kenya, kwanza zilikuwa na kitufe chake peke yake cha kuamshia. Kitasa kilikaa kwenye dashibodi, mbali na usukani. Usukani haukuhusika kabisa na ufunguo, na jambo hilo ulikumbuke, kwa kuwa ndipo habari yetu inapopindia.

Umeme haujui bwana wake. Hupita popote pale unapopata njia, uwe umefunguliwa kwa ufunguo au kwa hila. Kwa hiyo wahandisi walitafuta kizuizi ambacho hakikutegemea umeme, wakakipata katika usukani. Walikisogeza kitasa kutoka dashibodi mpaka kwenye mhimili wa usukani, wakakitia ulimi wa chuma. Ufunguo ukitolewa, ulimi huo husukumwa na springi na kuingia katika pengo lililochongwa kwenye mhimili, na usukani haugeuki tena. Mwivi akiiamsha injini atakwenda moja kwa moja mpaka mtaroni. Katika Kifaransa kitasa cha namna hiyo huitwa neiman, kwa jina la Abram Neiman aliyekitengeneza, kama vile sisi tulivyoyafanya majina ya viwanda kuwa majina ya vitu.

Serikali ziliingilia kati. Ujerumani ya Magharibi, mwanzoni mwa miaka ya 1960, iliamuru kufuli za usukani zitiwe katika magari yote, mapya na makuukuu, na wizi wa magari ukapungua sana. Uingereza ilifanya hivyo kuanzia mwaka 1971, lakini kwa magari mapya tu. Matokeo yake yalikuwa kwamba wevi waliyaacha magari mapya wakayageukia yale ya zamani. Huko Marekani kampuni ya General Motors ilikihamisha kitasa kwenye mhimili wa usukani katika magari yake ya mwaka 1969, na mwaka uliofuata sheria ikawataka wote wafanye vivyo hivyo. Land Rover ilifuata mwaka 1971 ilipotoa toleo lake la tatu.

Gari lililokieneza kitasa hiki katika nchi yetu, kwa maoni yangu, ni Peugeot. Jina hilo lilikuwa limekwisha kujijengea heshima katika mashindano ya Safari. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, ikashinda tena mwaka 1966, 1967 na 1968; na katika mwaka wa 1963 na wa 1968 ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Ndugu yake, Peugeot 504, ilitoka mwaka 1968, ikashinda Safari mwaka 1975. Gari lililostahimili matope ya Safari lilionekana kufaa matope ya kila siku. Zile 504 ndefu zenye viti vitatu vya safu zilichukua abiria kati ya Nairobi na Kisumu na miji ya pembezoni, nazo pikapu zilichukua mizigo, hata zikawa kama sehemu ya nchi yenyewe.

Pamoja na kitasa kipya ilikuja hatari mpya, na hapa yafaa nikuonye kwa sababu wako bado madereva wasioijua. Zamani dereva mwenye kubania petroli, akifika mahali penye mteremko, kama ule wa kutoka Maseno kushukia Kisian, alizima injini na kuliacha gari liteleze. Katika gari lenye kitasa cha dashibodi alijihatarisha kwa kupunguza nguvu za breki, lakini usukani ulibaki mkononi mwake. Katika gari lenye kufuli ya usukani, dereva huyo akizungusha ufunguo mpaka mwisho na kuutoa, ulimi wa chuma huingia katika pengo lake papo hapo. Kona ya kwanza atakayoikuta ndiyo itakayomhukumu. Kitasa kilichochakaa ni kibaya zaidi, kwa sababu huweza kuuachia ufunguo utoke wakati injini inapowaka, na mtikiso wa barabara mbovu ukautupa chini miguuni.

Kwa nini kitasa huchakaa? Ndani yake mna vibamba vyembamba vya shaba, kila kimoja kimekaa juu ya springi yake. Meno ya ufunguo huvisogeza vibamba hivyo mpaka vilingane na uso wa duara ya kitasa, na hapo tu duara hiyo huweza kuzunguka. Meno yakiliwa, au vibamba vikiliwa, havilingani tena. Vumbi nalo huingia, na madereva wengi huning'iniza kwenye ufunguo mmoja shada zima la funguo za nyumba, duka na kabati, ambalo huvuta na kutikisika maili baada ya maili. Baada ya miaka 20 kitasa huwa katika moja ya hali mbili: ama hakikubali ufunguo wake, ama chakubali hata bisibisi.

Sasa tuje kwa wale wakirekebishao. Wakati wa ukoloni gereji za Kisumu, kama zile za miji mingine ya reli, zilikuwa kwa wingi mikononi mwa Wahindi, na miongoni mwao Makalasinga walisifika kwa ufundi. Vijana wa Kiafrika waliajiriwa kushika taa, kuosha vyuma na kumpa fundi spana aliyoitaka, ndiyo maana wakaitwa spana boi. Hawakupewa kitabu. Walijifunza kwa macho, na mara nyingi kwa kukemewa. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, na hasa baada ya sheria za leseni na uhamiaji za mwaka 1967, Wahindi wengi waliondoka nchini, na wale spana boi wa zamani wakabaki na ujuzi lakini bila paa. Walifungua gereji zao chini ya miti na kando ya barabara, katika jua kali, na jina likawa hilo hilo. Rais Kenyatta alipoziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni za mabasi mwaka 1973, magari makuukuu yaliongezeka barabarani, na kazi ya mafundi hao ikaongezeka nayo. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limetoa taarifa kubwa juu ya Kenya, ikisema kwamba watu kama hao wanazalisha mali wala si wazururaji. Lakini ilikuwa mpaka mwaka 1985, Rais Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji mjini Nairobi, ndipo serikali ilipoanza kuwajengea vibanda vya kufanyia kazi. Mafundi wa Kibuye mjini Kisumu, na wenzao wa miji midogo kama Bondo, ni wa ukoo huo wa kazi.

Turudi kwa ile pikapu iliyokataa kuwaka, tumtazame fundi wa namna hiyo anavyofanya, kama kazi anaijua kweli. Kwanza huondoa waya wa hasi kwenye betri, maana atashika nyaya zilizo hai. Magurudumu ya mbele huyanyoosha. Kisha hutoa kifuniko cha honi, na chini yake huiona nati kubwa iushikayo usukani. Huilegeza nati hiyo lakini haitoi yote. Huacha hesi mbili tatu zikamate, ili usukani unapofyatuka kwa ghafula usimpige usoni. Kabla ya kuuvuta, huchora mstari mmoja upitao juu ya usukani na juu ya ncha ya mhimili. Mstari huo ni kazi ya nukta moja tu, lakini mtu asiyeuchora atalirudisha gari likiwa na usukani uliopinda, na taa za kuonyeshea kona hazitajizima kama ipasavyo.

Usukani ukikaza, fundi mjinga huugonga kwa nyundo. Hapa historia yataka kusema neno. Mihimili ya usukani ya zamani ilikuwa ni fimbo moja nzima ya chuma, na gari lilipogonga kitu kwa mbele, fimbo hiyo iliweza kumchoma dereva kifuani. Kuanzia magari ya mwaka 1967, General Motors ilitumia mhimili uliotengenezwa ujikunje wenyewe unapopigwa, na wengine wakafuata kwa mitindo yao. Katika mingi ya mihimili hiyo vipande viwili vimeshikwa pamoja na pini za plastiki, na pini hizo hukatika zikigongwa. Nyundo ya fundi haitofautiani na ajali. Atauharibu mhimili bila yeye kujua, wala mwenye gari hatajua, mpaka siku mhimili huo utakapohitajiwa. Kwa hiyo fundi mwenye akili hutumia kivutio cha skrubu, au huutikisa usukani kwa mikono miwili, huku na huku, mpaka uachie.

Maganda ya plastiki yakisha kutoka, kitasa chaonekana, na sehemu ngumu ya kazi yaanza. Bolti zikishikazo hazina vichwa! Kiwandani zilitiwa bolti ambazo zikikazwa hadi kiasi fulani kichwa hukatika na kuanguka, ukabaki mduara laini usioshikwa na spana yoyote. Makusudi yake ni kumzuia mwivi. Lakini mwenye gari akipoteza ufunguo, fundi wake hukuta mlango ule ule aliofungiwa mwivi, na kuufungua kwake ni kwa subira: huweka ncha ya patasi ukingoni mwa bolti na kuigonga kidogo kidogo kinyume cha saa, au huitoboa katikati kwa keekee na kuivuta kwa chuma chenye hesi za kushoto. Kwa kuwa ujuzi ni ule ule, uwe mkononi mwa fundi au mwa mwivi, fundi mwaminifu humwomba mgeni asiyemjua hati ya gari kabla ya kufungua sanduku la vyombo.

Kitasa kipya kikiingia, bolti hazikazwi mpaka vichwa vikatike mara moja. Kwanza nyaya huunganishwa, kila moja mahali pake, na betri hurudishwa. Ufunguo hujaribiwa katika kila hatua yake. Ulimi wa kufuli hutazamwa kwa macho: ufunguo ukiwa ndani, usijitokeze hata kidogo, ufunguo ukitoka, uingie katika pengo lote. Kisha ndipo vichwa vya bolti hukatwa. Usukani hurudishwa kwa mstari uliochorwa, nati hukazwa kwa nguvu iliyoagizwa, na kile kibati cha kuizuia isilegee hutiwa kipya, kisikunjwe kile cha zamani mara ya pili. Mwisho gari huendeshwa pole pole uwanjani, usukani ukigeuzwa wote kulia na wote kushoto.

Hayo yote huchukua muda, na kule Usenge barafu yayeyuka. Kwa hiyo iko njia ya mkato. Fundi wa njia ya mkato hukata nyaya za kitasa na kuziunganisha na swichi ya taa ya nyumbani na kitufe cha kengele, ambavyo huvipachika kwenye dashibodi kwa waya. Gari huwaka, mwenye samaki hufurahi, na bei ni ndogo. Lakini ile kufuli ya zamani imebaki mle mle juu ya mhimili, na ulimi wake na springi yake, haina ufunguo wa kuizuia. Fundi akiwa ameuzuia kwa kipande cha msumari, uhai wa watu wote waliomo garini umetundikwa juu ya msumari huo.

Usidhani kwamba uzembe wa namna hiyo ni wa chini ya miti tu. Mwaka 1914 au 1950 ningeweza kukuambia kwamba kiwanda kikubwa hakikosei, leo siwezi. Mwaka 2014 General Motors, kampuni ile ile iliyoutengeneza mhimili wa kujikunja, ilianza kuyaita nyuma magari yake kwa mamilioni, kwa sababu kipande kimoja ndani ya swichi ya ufunguo kilikuwa na springi dhaifu. Goti la dereva likiugusa ufunguo, au shada la funguo likiwa zito, ufunguo ulirudi nyuma wenyewe njiani. Injini ikazimika, usukani ukawa mzito, na mifuko ya hewa ya kumkinga dereva ikakataa kufanya kazi. Mfuko wa fidia uliokubali madai ya jamaa za waliokufa ulihesabu vifo 124. Wahandisi kadhaa wa kampuni walikuwa wamejua habari za swichi hiyo miaka mingi kabla.

Tangu miaka ya 1990 magari makuukuu yatokayo Japani yameenea Kenya, na kwa kanuni za nchi gari likiingizwa halipaswi kupita umri wa miaka 8. Funguo za mengi yao zina kichipu kidogo ndani ya mpini, ambacho huzungumza na kompyuta ya gari; meno ya ufunguo yakilingana na kichipu kisilingane, injini haiwaki. Fundi wa Bondo akitoa kitasa cha gari la namna hiyo hana budi kumtafuta mtu mwenye kompyuta, na mara nyingi mtu huyo yuko Kisumu. Magari mapya zaidi hayana hata tundu la ufunguo. Dereva hubonyeza kitufe, kama alivyobonyeza yule wa Land Rover ya mwaka 1948, na ufunguo hubaki mfukoni.

Lakini 504 bado hazijaisha. Kwa ajili yake fundi huweka kopo la vitasa vilivyokufa, alivyovitoa katika magari yaliyogeuzwa kuwa vyuma chakavu. Mwenye gari akitaka ufunguo mmoja ufungue mlango na kuwasha injini, kama ulivyokuwa gari lilipotoka kiwandani, fundi hulifungua kopo, akachagua vibamba kimoja kimoja, akavipanga kitako juu ya gunia kufuata meno ya ufunguo wa mlango, akikisugua kwa tupa kile kilichozidi, mpaka duara izunguke.